Goti la mpira: la kufanya kuanzia linapolia "ta!" hadi siku ya kurudi uwanjani

Mchezaji akianguka ameshika goti, usimvute mguu. Hicho ndicho watu hukimbilia: mmoja anamnyoosha, mwingine anamkunja, wa tatu ameshafika na chupa ya dawa ya kupuliza. Mwache alale alivyo kwa dakika moja, umuulize ilikuwaje. Aligongwa au alikuwa peke yake? Mguu ulikuwa umekanyaga chini au ulikuwa hewani? Alisikia mlio? Aliendelea kucheza, au goti lilikataa palepale? Majibu hayo yananisaidia kuliko picha ya eksrei, na yanapotea haraka. Kesho yake hadithi inakuwa imebadilika, imeshaongezewa na beki mkorofi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Siku za kazi niko hospitali, wikiendi nakaa benchi la timu ya mtaani kwetu Temeke, kwenye uwanja wa vumbi ambao upande wa goli la kusini mvua imeuchimba. Wachezaji huniita Dada Dokta ingawa nimeshawaambia mimi si daktari. Haya ndiyo ninayowaeleza wao, wazazi wao, na makocha wanaonivuta pembeni kuniuliza, "Dada, Jumapili atacheza?"

Hakikisha kwanza si dharura

Pia ya goti ikihama utaiona kwa macho: imekaa upande wa nje wa goti, na mchezaji anapiga kelele. Mara nyingi hurudi yenyewe mguu ukinyooshwa taratibu kwa kushika kisigino. Usiisukume kwa nguvu. Na hata ikirudi, aende akapigwe eksrei, maana wakati wa kuhama inaweza kubandua kipande cha mfupa au gegedu (ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa), na kipande hicho kikabaki kinaelea ndani ya goti.

Goti zima kuteguka, yaani mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuachana, ni balaa jingine. Kwenye mpira ni nadra, mimi nimezoea kuliona kwa watu wa bodaboda. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini. Ukikatika au kubanwa, una saa kama sita hadi nane tu kabla nyama za mguu hazijaanza kufa. Ubaya ni kwamba goti la namna hii linaweza kurudi lenyewe na kuonekana la kawaida. Kwa hiyo weka vidole viwili juu ya mguu, kati ya kifundo na vidole, utafute mapigo ya damu, kisha ulinganishe na mguu wa pili. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka, una ganzi au mapigo huyapati, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Usilale zahanati ukisubiri rufaa ya asubuhi.

Kama si hayo, bado kuna swali la mfupa kuvunjika. Madaktari wengi duniani hufuata vigezo vilivyotungwa Ottawa, Kanada, na hata wewe unaweza kuvitumia ukiwa uwanjani. Majeruhi apigwe eksrei iwapo ana miaka 55 au zaidi. Au anaumia ukibonyeza pia ya goti yenyewe. Au anaumia ukibonyeza kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti. Au hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90. Au hawezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Asipokuwa na hata kimoja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kumbuka tu kwamba eksrei inaonyesha mifupa. Ukirudi na picha safi ukaambiwa "huna kitu", ligamenti, yaani ukanda unaofunga mfupa na mfupa, bado inaweza kuwa imekatika vipande viwili.

Uvimbe ulianza saa ngapi?

Hili ndilo swali ambalo kila mgonjwa wangu lazima alijibu, na ndilo wasilolizingatia.

Goti lililovimba likajaa ndani ya saa mbili tatu, kabla mechi haijasahaulika, mara nyingi lina damu ndani. Damu ndani ya goti la mwanamichezo ina sababu chache: ligamenti ya msalaba ya mbele imekatika, pia ya goti ilihama, mfupa umepata ufa, au ukingo wa meniskasi (kipande cha gegedu kati ya mifupa ya goti) umechanika mahali penye mishipa ya damu. Hakuna hata moja kati ya hizo ya kumalizana nayo kwa panadoli.

Goti lililokuwa zuri jioni, mtu akaoga akala akalala, akaamka asubuhi amevimba, hilo linanielekeza kwenye meniskasi au gegedu. Nalo ni la kupimwa, ila haraka yake si ileile.

Sasa ile ligamenti ya msalaba ya mbele, ambayo kwenye habari za michezo huitwa ACL. Hadithi yake karibu kila mara ni moja. Kijana alikuwa peke yake, hakuguswa na mtu. Alikuwa anageuka kumkwepa beki, au anatua baada ya kupiga kichwa, au anafunga breki. Njumu ikanasa chini, mwili ukageuka, goti likaingia ndani. "Ta!" Wengine wa jirani huusikia mlio huo. Baada ya dakika kumi anaweza hata kusimama na kutembea, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kocha anamwona anatembea. Akirudi uwanjani na kugeuka tena goti linamtoka, yaani linalegea ghafla, na safari hii anaweza kuondoka na meniskasi pia.

Wasichana wanaumia ligamenti hii zaidi ya wavulana katika mchezo uleule, mara mbili au hata zaidi. Wapo wanaotaja umbile la nyonga, wapo wanaotaja homoni. Mimi naangalia kile ninachoweza kukibadilisha: wengi hawakufundishwa kutua. Mpira wa pete ni mfano mzuri. Kanuni inakataza kukimbia na mpira, kwa hiyo mdakaji anaruka, anadaka, na lazima afunge breki mguu ukigusa chini. Goti linabeba kila kitu. Hata walio juu kabisa hawajaepuka: Alexia Putellas wa Hispania, akiwa na Ballon d'Or yake, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, aliumia mazoezini Julai 2022, Euro ya wanawake ikiwa imebakiza siku moja kuanza. Alirudi kucheza Aprili 2023.

Siku tatu za mwanzo

Lengo la siku hizi ni kuzuia uvimbe usizidi na kulinda kilichobaki.

Tafuta barafu. Karibu kila mtaa una nyumba yenye kibao "barafu zinauzwa", na zile za ubuyu au ukwaju zilizofungwa kwenye mfuko zinafaa kabisa. Mtoto akilia mnunulie nyingine. Zifunge kwenye kanga au taulo lililolowa, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Dakika 15 hadi 20, kisha toa. Rudia baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Barafu inapunguza maumivu. Haiungi ligamenti, kwa hiyo usikeshe nayo.

Funga bandeji ya krepu kuanzia katikati ya kigimbi kupanda hadi katikati ya paja, ya kubana kiasi tu. Vidole vikianza kuvimba au kufa ganzi, ifungue. Ukilala, inua mguu juu ya usawa wa moyo, na mto uweke chini ya kisigino na kigimbi. Usiuweke chini ya goti peke yake ukaliacha limekunjika usiku kucha. Kuna watu wanaokuja kwangu baada ya wiki tatu goti halinyooki, na kilichowafanya hivyo ni ule mto laini aliowawekea mama kwa upendo. Magongo azima, hata kwa jirani. Mkanyago unaovumilika unaruhusiwa, kuchechemea vibaya hapana.

Dawa: parasetamoli inatosha kwa wengi. Diklofenaki na ibuprofeni ni za jamii moja, usizimeze pamoja, na mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asiziguse bila kumuuliza daktari. Sindano ya kuua maumivu ili mtu acheze fainali, mimi siisimamii. Kiongozi mmoja wa timu aliwahi kuninunia msimu mzima kwa hilo, na salamu akawa haitikii.

Halafu kuna kuchua. Mtaani kwetu yupo babu mmoja mwenye mikono mizuri sana kwa mgongo na shingo, namheshimu, na wagonjwa wengine tunagawana. Lakini alishawahi kuketi na beseni la maji ya moto mbele ya kijana aliyeumia jioni hiyohiyo, ameshika mafuta mkononi.

"Mjukuu wangu, damu imelala humu, lazima itolewe."

"Shikamoo babu. Hiyo damu haijalala, bado inavuja. Ukiikanda itaongezeka."

Alinitazama, akafunika chupa. Tulikubaliana: siku tatu za mwanzo hakuna maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna dawa za kupasha joto. Baada ya hapo akitaka kulegeza misuli ya paja, ruksa. Goti lenyewe aliache. Na "kulirudisha" goti kwa kulivuta ghafla, hilo hata yeye halifanyi.

Siku ya tatu hadi ya tano, uvimbe ukishatulia kidogo, ndiyo siku nzuri ya kupimwa kwa mikono na mtu anayejua. Siku ya kwanza misuli imekaza na kila kipimo kinauma. MRI, picha inayoonyesha hadi ligamenti na gegedu, ni nzuri, ila ni ghali. Mtaalamu akishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, goti likiwa limekunjwa kidogo, akauvuta muundi mbele, anaweza kuihisi ligamenti iliyokatika kwa sababu mfupa unakuja bila kugota. MRI iwe ya kuthibitisha au kupanga upasuaji.

Ni jeraha gani, na tiba yake ni ipi

Ligamenti ya pembeni upande wa ndani huumia mtu anapogongwa goti kutoka nje. Maumivu yako ndani, unayaonyesha kwa kidole kimoja. Habari njema ni kwamba hii hupona yenyewe kwa sehemu kubwa, bila kisu. Iliyovutika tu, wiki chache. Iliyokatika kabisa peke yake, miezi miwili hadi mitatu ukiwa na kifaa cha kushikilia goti na mazoezi. Ile ya msalaba ya nyuma huumia ukianguka kwa goti lililokunjika, nayo wengi hutibiwa kwa mazoezi.

Meniskasi ni vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi. Zikichanika, maumivu yanakuwa kwenye mstari wa kiungo, ukichuchumaa unashtuka, na kwenye choo cha kuchuchumaa unatafuta ukuta wa kushika. Mpasuko mdogo, hasa kwa mtu wa miaka 40 na kuendelea, hupewa kwanza miezi kama mitatu ya mazoezi, na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Lakini goti likijifunga, halinyooki hata ukililazimisha, kama mlango uliokanyagia kokoto, usilifanyie mazoezi. Kipande kimejikunja katikati. Nenda kwa daktari wa mifupa mapema, ndani ya siku chache, kwa sababu kwa kijana kipande hicho mara nyingi kinaweza kushonwa kwa upasuaji wa matundu madogo, na meniskasi iliyoshonwa ni bora kuliko iliyokatwa na kutupwa. Gegedu haioti upya.

Kano iliyo chini ya pia ya goti huumizwa na kuruka: wa voliboli, wa kikapu, makipa. Inauma mwanzoni mwa mazoezi, inapoa, inarudi usiku. Kupumzika tu hakuitibu, ukirudi inauma palepale. Inatibiwa kwa kuipa mzigo kidogo kidogo. Egemea ukuta, shuka kama unakaa kwenye kiti, ubaki hapo sekunde 30 hadi 45, mara tano, na kila wiki ongeza ugumu. Ikiachwa na kulazimishwa huweza kukatika. Ronaldo yule Mbrazili alirudi uwanjani tarehe 12 Aprili 2000 dhidi ya Lazio baada ya miezi kadhaa ya kuuguza kano hiyohiyo, akacheza dakika chache, akaanguka, imekatika kabisa. Mwaka 2002 alifunga mabao manane Kombe la Dunia, kwa hiyo sisemi kwamba mtu hainuki. Nasema katikati kulikuwa na kazi.

Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na tano mwenye uvimbe mgumu chini ya goti, pale juu ya muundi, usimkimbize kufanyiwa upasuaji. Mfupa unakua na kano inauvuta. Mpunguzie mechi, kwa mtoto mwingine hizo ni mechi tano kwa wiki ukijumlisha shule, madrasa na mtaa. Na kocha aache kumwadhibu kwa kuruka kichura. Kumruka-rukisha kichura mtoto mwenye goti hilo ni kumuumiza makusudi.

Kwa wakimbiaji, maumivu ya mbele ya goti au ya upande wa nje yanatokana mara nyingi na kuongeza kilomita haraka. Kila mwaka kabla ya mbio za Kilimanjaro wananijia watu waliotoka kilomita tano hadi ishirini na moja ndani ya mwezi. Punguza umbali, epuka miteremko kwa muda, imarisha nyonga.

Ligamenti imekatika na hela ya upasuaji hakuna

Usikate tamaa, na usiuze kiwanja haraka. Huko Sweden walichukua vijana wanamichezo 121 waliokatika ligamenti hii. Nusu wakafanyiwa upasuaji mapema, nusu wakaanza na mazoezi, na nafasi ya upasuaji wakawekewa akiba. Matokeo yalipotoka mwaka 2010, baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Baada ya miaka mitano karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa hawajapasuliwa.

Ukisoma hivyo usidanganyike kwamba mazoezi ni njia ya mkato. Na kigezo changu ni hiki: baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, goti bado linakutoka ukigeuka? Kama ndiyo, acha michezo ya kugeuka au tafuta upasuaji, kwa sababu kila likitoka linakula meniskasi na gegedu. Hapa Dar, Taasisi ya Mifupa ya MOI iko Muhimbili. Kaskazini kuna hospitali ya KCMC Moshi. Nenda na goti lililonyooka na lisilo na uvimbe. Anayeingia chumba cha upasuaji na goti lililokakamaa hutoka nalo limekakamaa zaidi.

Mazoezi ya mwanzo ni yaleyale, uwe umepasuliwa au hujapasuliwa. Kaa chini, mguu umenyooka, kunja taulo liwe chini ya goti, libonyeze chini kwa misuli ya mbele ya paja, hesabu tano, achia, mara kumi, asubuhi mchana na jioni. Inaonekana kazi ya kitoto. Lakini goti likivimba, msuli ule unazimika, na nimeona mapaja makubwa ya mabeki yakinywea ndani ya wiki mbili. Ukiweza kuinua mguu ulionyooka bila goti kulegea hata kidogo, endelea: kusimama kutoka kwenye kiti bila mikono, kupanda ngazi moja kwa mguu ulioumia, kulala chali na kuinua kiuno, kuinuka kwa vidole. Baiskeli ikipatikana ni dhahabu. Goti likivimba usiku, ulizidisha. Rudi hatua moja, usisimame kabisa.

Kukimbia moja kwa moja huanza kwenye mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji, mradi uvimbe haupo. Hapo ndipo vijana wanaponisumbua, kwa sababu hawasikii maumivu tena. Kipandikizi, yaani kano iliyowekwa badala ya ligamenti iliyokatika, hudhoofika kwanza ndani ya goti kabla ya kukomaa, na hakikutumii ujumbe. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaochelewa kurudi, hadi wa tisa, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo miezi tisa, isipungue.

Na hata miezi tisa ikifika, napima. Simama kwa mguu mzima, ruka mbele, tua kwa mguu huohuo na utulie sekunde mbili, kisha rudia kwa ule ulioumia. Kamba na futi vinatosha. Mguu mzima ukifika sentimita 150, ulioumia usipofika 135 hujapita. Naangalia pia goti linavyotua: likiingia ndani, hujapita hata kama umeruka mita mbili.

Kabla ya mechi inayofuata

Mpango wa kupasha mwili wa FIFA uitwao 11+ hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na vitu vya kuweka alama. Unachukua dakika 20: kukimbia taratibu, kisha nguvu, usawa na kuruka, kisha mbio za kasi na kugeuka. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi. Mara mbili kwa wiki, msimu wote. Kitu ninachokisisitiza ni kutua: vidole kwanza, magoti yamekunjika, yameelekea vidole vya miguu. Namwomba mwenzake asimame mbele amwangalie magoti.

Mechi ikiwa saa kumi, sisi tunaanza saa tisa na nusu. Anayeshuka kwenye bodaboda saa kumi kasoro tano anaanzia benchi, hata awe ndiye mfungaji wetu. Mwalimu alinuna mwanzoni, siku hizi ndiye anayeshika filimbi.